Tumeshindwa Kesi Geneva, Sasa Tufanyeje? Mwongozo wa Kutekeleza Hukumu ya Biashara

Mwaka 2007 Brazil ilishindwa kesi ya tairi kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO), lenye makao yake Geneva, halafu ikaitekeleza hukumu kwa kuzuia tairi nyingi kuliko zilizokuwa zikizuiwa siku kesi ilipofunguliwa. Mshtaki, yaani Jumuiya ya Ulaya, alitaka lango lifunguliwe. Likafungwa kabisa, na hakuna aliyeweza kusema Brazil imekaidi.

Naanza na kisa hicho kwa sababu watu wengi, hata waliomo maofisini, wakisikia "tumeshindwa Geneva" hudhani kilichobaki ni kufuta sheria na kunywea. Sivyo. Hukumu ya WTO inataja kosa. Namna ya kuliondoa kosa inaachiwa nchi yenyewe. Kazi ngumu haiko Geneva. Iko nyumbani, kwa mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kilichokosewa, na mara nyingi mtu huyo hajawahi hata kuisikia kesi.

Mwongozo huu ni wa ofisa wa wizara ya biashara, mwanasheria wa serikali, mwandishi wa habari za uchumi, na mfanyabiashara anayetaka kujua kwa nini nchi fulani imeshindwa kesi na bado mzigo wake haupiti. Nitaifuata kesi ya tairi kama uzi, na nitachomeka kesi nyingine pale zinapofundisha zaidi.

Kesi yenyewe kwa ufupi

Septemba 2000 Brazil iliacha kutoa leseni za kuingiza tairi za mtumba na zile zilizochakaa zikavishwa mpira mpya juu ya gamba la zamani. Sababu yake ilikuwa afya. Tairi ya namna hiyo haina maisha marefu. Ikitupwa hutuamisha maji na mbu wa dengi hutaga humo, na rundo la tairi likishika moto kuuzima ni balaa. Sasa kama una tairi zako mwenyewe za kutupa, kwa nini ubebe na za wenzako?

Hoja nzuri. Lakini marufuku ile ilikuwa na matundu mawili. Kwanza, Uruguay iliipeleka Brazil kwenye baraza la usuluhishi la MERCOSUR, soko la pamoja la majirani, ikashinda Januari 2002. Brazil ikaziruhusu tairi zilizovishwa upya kutoka nchi za soko hilo. Pili, waagizaji wa ndani walikwenda kwa majaji wa Brazil, wakapata amri za mahakama za kuwaruhusu kuingiza tairi za mtumba kutoka nje, wakazivisha mpira viwandani kwao na kuziuza.

Baraza la Rufaa la WTO lilitoa uamuzi Desemba 3, 2007. Marufuku ya kulinda afya na mazingira inakubalika, lilisema. Matundu yale ndiyo yanayoifanya kuwa ubaguzi.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna hukumu

Ripoti ya jopo, yaani wasuluhishi wa ngazi ya kwanza, peke yake haibani mtu. Inabana ikishapitishwa na Chombo cha Kusuluhisha Migogoro, ambacho ni kikao cha wanachama wote wa WTO. Upitishaji wenyewe ni kama wa lazima: ripoti hupita isipokuwa wote waliomo ukumbini, pamoja na mshindi, wakubaliane kuikataa. Ni mshindi gani atakataa ushindi wake? Ripoti ya tairi ilipitishwa Desemba 17, 2007. Andika tarehe ya namna hiyo ukutani, maana saa inaanza kuhesabiwa hapo.

Siku hizi kuna utata. Tangu Desemba 2019 Baraza la Rufaa halina majaji wa kutosha kusikiliza kesi, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa wapya. Nchi iliyoshindwa mbele ya jopo inaweza kukata rufaa kwa baraza ambalo halikai, na ripoti ikabaki inaning'inia. Julai 2021 Morocco ilifanya hivyo katika kesi ya daftari za shule iliyofunguliwa na Tunisia. Kanuni haikatazi. Lakini kwa maoni yangu, nchi ndogo inayoshangilia mlango huo inakata tawi ililokalia, maana kesho itakuwa yenyewe inayodai. Ndiyo maana baadhi ya wanachama, wakiwemo Umoja wa Ulaya, China na Brazil, waliunda mpango wa muda wa rufaa kati yao mwaka 2020.

Hukumu ikitoka Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, mambo ni mafupi zaidi. Kifungu cha 38 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinaitaka nchi mwanachama ichukue hatua za utekelezaji bila kuchelewa. Machi 2019, kwa mfano, Kitengo cha Awali cha mahakama hiyo kiliona kuwa sheria ya Uganda iliyotoza sigara zilizotengenezwa Kenya ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko za ndani ni kinyume cha Mkataba. Hatua zinazofuata hapa ni za WTO, lakini ile ya pili, ya tatu na ya sita zinafaa Arusha vilevile, na zinafaa pia kwa Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo itifaki yake ya migogoro imeshonwa kwa kipimo cha Geneva.

Hatua ya 2: Soma hukumu ukiwa na penseli

Usiishie kwenye ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho utakuambia "nchi iioanishe hatua yake na makubaliano", basi. Sababu ndizo zinazokuonyesha njia ya kutokea.

Tazama tofauti hii. Jopo lilipoitazama ruhusa ya majirani wa MERCOSUR lilisema haina shida kubwa, kwa kuwa tairi zilizoingia kwa njia hiyo zilikuwa chache. Angekuwa mtu wa kusoma jopo tu, angeishauri serikali iache tundu hilo wazi ila ihesabu tairi zinazopita. Baraza la Rufaa likaja likasema wingi siyo hoja. Swali ni kama sababu ya kuwabagua wengine ina uhusiano na lengo la marufuku. Tairi ya Uruguay hufuga mbu sawasawa na ya Ujerumani, na hukumu ya MERCOSUR haina uhusiano wowote na mbu. Kwa hiyo hata tairi chache tu zingetosha kuiharibu marufuku. Ushauri unageuka kabisa.

Chukua karatasi, piga mistari, ufanye safu tatu. Ya kwanza: kitu gani kimeonekana kosa, kwa kifungu chake. Ya pili: kwa sababu gani. Ya tatu: kitu gani kimeonekana halali, hakiguswi. Safu ya tatu ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo kinga yako bungeni na magazetini. Kwa Brazil safu hiyo ingesomeka hivi: "Marufuku ya kuingiza tairi zilizovishwa upya kwa ajili ya afya: inabaki."

Ukishajaza safu zote, utaona kwa kawaida kuna njia zaidi ya moja. Korea Kusini ilishindwa kesi ya pombe mwaka 1999: soju, kinywaji cha wenyeji, ilitozwa kodi ya asilimia 35 na wiski ya kutoka nje asilimia 100. Hukumu ilitaka usawa, haikutaja kiwango. Korea ingeweza kuishusha wiski hadi 35, au kuipandisha soju hadi 100. Iliziweka zote kwenye 72 kuanzia Januari 1, 2000. Wanywaji wa soju sidhani kama walifurahi, lakini sharti lilitimia na hazina haikutoboka.

Hatua ya 3: Tafuta ufunguo uko kwa nani

Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na hapa nitakaa kidogo.

Kosa la kibiashara linaweza kuwa ndani ya sheria ya Bunge, kanuni ya waziri, waraka wa idara ya forodha, sheria ndogo ya halmashauri au kaunti, amri ya jaji, au mazoea tu ya ofisa wa mpakani ambayo hayajaandikwa popote. WTO haitofautishi. Nchi ni moja, na inawajibika kwa mahakama zake na serikali zake za mitaa kama inavyowajibika kwa mawaziri wake. Ukisimama Geneva ukasema "sisi serikali kuu hatukuhusika, ni majaji wetu", utasikilizwa kwa adabu, kisha utaambiwa ukawatafute hao majaji.

Brazil ilikuwa na funguo tatu kwa watu watatu. Waraka wa leseni ulikuwa chini ya idara ya biashara ya nje. Huo unabadilishwa kwa saini. Ruhusa ya majirani ilikuwa imefungwa na hukumu ya MERCOSUR, kwa hiyo kulikuwa na mazungumzo na nchi nyingine. Ufunguo wa tatu ndio uliokuwa mgumu: amri za majaji, zilizotolewa moja moja katika mahakama mbalimbali. Rais hawezi kumwandikia jaji barua amwambie afute amri yake. Serikali ikatumia njia ya kikatiba, shauri lililofunguliwa moja kwa moja katika Mahakama Kuu ya Shirikisho, ikiomba mahakama hiyo iseme mara moja kwa nchi nzima kwamba amri za kuruhusu tairi za mtumba zinavunja haki ya kikatiba ya afya na mazingira. Mahakama ilikubali Juni 24, 2009.

Angalia ujanja wa hoja. Mahakamani hawakwenda kusema "Geneva imetuamuru." Walikwenda na katiba ya Brazil, afya ya Wabrazil, mbu wa Brazil. Jaji wa taifa lolote hapendi kuambiwa amri imetoka ng'ambo. Apewe sababu ya nyumbani. Hili lifanyie kazi hata kwa wabunge.

Kwetu Afrika Mashariki, kabla hujaahidi chochote, jiulize kama ufunguo uko mikononi mwa nchi yako peke yake. Kama hukumu inagusa ushuru wa forodha, jibu huenda ni hapana. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya unaamuliwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya na kutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, kwa hiyo unahitaji wenzako wakubali. Kama ni ushuru wa bidhaa, ufunguo uko bungeni, na dirisha ni msimu wa bajeti: muswada wa fedha hujadiliwa Juni ili uanze Julai 1. Likikupita dirisha hilo umepoteza mwaka mzima, na mwaka mzima ni karibu muda wote utakaopewa.

Hatua ya 4: Sema utatii, kisha uombe muda

Ndani ya siku 30 tangu ripoti kupitishwa, nchi husimama kwenye kikao cha Chombo na kutaja nia yake. Sentensi mbili zinatosha: "Nchi yetu inanuia kutekeleza mapendekezo ya Chombo kwa namna inayoheshimu wajibu wake. Kwa kuwa haiwezekani kufanya hivyo mara moja, tutahitaji muda mwafaka." Usiahidi sheria gani itabadilishwa wala lini. Na usianze kuibishia hukumu; saa yake imeshapita.

Muda mwafaka hupatikana kwa njia mojawapo ya tatu: Chombo kiuidhinishe, mkubaliane na mshindi ndani ya siku 45, au mwamuzi aupange. Mwongozo wa kisheria kwa mwamuzi ni kwamba muda usizidi miezi 15, ingawa unaweza kuwa mfupi au mrefu kulingana na mazingira. Kipimo anachotumia ni muda mfupi kabisa unaowezekana ndani ya mfumo wa sheria wa nchi husika.

Kwa hiyo mpelekee ratiba, usimpelekee malalamiko. Mwonyeshe muswada unaandikwa wiki ngapi, unasomwa mara ngapi, Bunge linakaa lini na linavunjwa lini, wadau wanapewa siku ngapi za maoni, Gazeti la Serikali linatoka lini. Mwamuzi huwa anakubali kwamba sheria ya Bunge inachukua muda kuliko kanuni ya waziri. Hakubali hoja ya kwamba jambo lina upinzani wa kisiasa nyumbani, au kwamba kiwanda fulani kitaumia. Nchi zinazoendelea zina haki ya kutaja hali yao, lakini lazima uonyeshe kwa vitendo inavyokuchelewesha. Kusema "sisi ni maskini" halafu ukanyamaza hakusogezi hata wiki.

Na kuna mtego ambao kesi ya tairi inauonyesha vizuri. Mwamuzi aliipa Brazil miezi 12. Inasikika kama mwaka mzima wa kufanya kazi, sivyo? Lakini miezi hiyo ilihesabiwa kuanzia Desemba 17, 2007, siku ya kupitishwa, na mwamuzi alitoa uamuzi wake Agosti 29, 2008. Kilichobaki kilikuwa chini ya miezi minne. Anayesubiri kujua amepewa muda gani ndipo aanze kazi, ataanza akiwa amechelewa. Rasimu ya kwanza ya mabadiliko iwe mezani kabla hata barua ya kuomba muda haijapelekwa.

Gharama za wanasheria zisikutishe. Geneva kuna kituo cha ushauri wa sheria za WTO kilichoanza kazi 2001. Nchi zilizo katika kundi la maendeleo duni, na kwetu humo wamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, hupata ushauri wake bila kulipia. Kenya ni mwanachama wake.

Hatua ya 5: Andika mabadiliko, kisha uyashambulie mwenyewe

Kabla ya kupeleka rasimu popote, mpe mwenzako mmoja mkali kazi ya kujifanya wakili wa mshindi. Aitafutie tundu. Kama hampati mtu, kumbuka kisa cha nyama cha Marekani.

Marekani ilikuwa na sheria ya kuweka lebo ya nchi ya asili kwenye nyama. Canada na Mexico zilishtaki, kwa sababu wachinjaji waliona ni usumbufu kuwatenganisha ng'ombe na nguruwe waliozaliwa ng'ambo ya mpaka, wakaacha kuwanunua au wakapunguza bei. Marekani ilishindwa 2012, ikapewa hadi Mei 23, 2013. Siku hiyo ikatoa kanuni mpya: sasa lebo itaje mnyama amezaliwa wapi, amekuzwa wapi, amechinjwa wapi, kila moja peke yake. Wazo lilikuwa kwamba kosa la lebo ya zamani ni kutotoa habari za kutosha, basi habari ziongezwe.

Hebu jiweke kwenye machinjio. Zamani uliweza kuchanganya mifugo ya nchi mbili kwenye zamu moja na kubandika lebo ya pamoja. Sasa kila kundi linahitaji njia yake, kumbukumbu zake, rafu yake ya ubaridi. Ng'ombe wa Canada amekuwa ghali zaidi kumshughulikia kuliko jana. Jopo la kukagua utekelezaji lilisema wazi kwamba dawa imezidisha ugonjwa. Tutaona hapo chini iliwagharimu nini.

Somo la uandishi ni hili: usiipime rasimu kwa maneno yake, ipime kwa kinachompata mtu wa mwisho anayeishika. Mchukue mzigo mmoja wa kufikirika, ulete kutoka nchi iliyoshinda, uupitishe kwenye rasimu yako kuanzia leseni hadi dukani, halafu upitishe wa nyumbani pembeni yake. Panapotofautiana, simama.

Waite pia watakaoumia, hata kama hawakuwa kwenye kesi. Ulaya iliposhindwa kesi ya sukari mwaka 2005 dhidi ya Australia, Brazil na Thailand, ilifanya mageuzi yaliyopunguza bei ya sukari iliyodhaminiwa kwa asilimia 36 hatua kwa hatua kuanzia 2006. Ilikuwa na sababu zake nyingine pia. Lakini nchi zilizokuwa zikiiuzia Ulaya kwa bei ile nzuri, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi, ambazo zilishiriki kesi kama wahusika wa pembeni, ziliona bei hiyo ikishuka bila ya kuwa zimeshtakiwa na mtu. Nchi inayotekeleza hukumu itarajie simu za namna hiyo, na iwe na jibu.

Hatua ya 6: Toa taarifa zenye kitu ndani

Miezi sita baada ya muda mwafaka kupangwa, suala huwekwa kwenye ajenda ya Chombo na kubaki humo hadi limalizike. Siku kumi kabla ya kila kikao unapeleka taarifa ya maandishi.

Taarifa mbaya ni hii: "Serikali inaendelea na mashauriano ya ndani." Mwezi ujao hivyohivyo, na unaofuata. Taarifa nzuri ni hii: "Muswada wa marekebisho umesomwa kwa mara ya kwanza bungeni tarehe fulani, kamati itapokea maoni ya wadau hadi tarehe fulani." Ya pili inamnyima mshindi sababu ya kwenda kuomba adhabu, na inamrahisishia kazi wakili wake, ambaye naye ana wakubwa wa kuwaeleza.

Hatua ya 7: Muda ukikuishia mkononi

Brazil muda uliiishia Desemba 2008, Mahakama Kuu ikiwa bado haijaamua. Haikujificha. Januari 2009 iliwekeana na Ulaya mapatano ya utaratibu: kama kutakuwa na ubishi juu ya utekelezaji, upi utangulie, ukaguzi au adhabu. Sheria ya WTO ina utata hapo, kwa hiyo mapatano ya aina hii yamekuwa desturi. Yanakununulia miezi, na hayana gharama ila unyenyekevu.

Bila mapatano, saa hukimbia. Mshindi anaweza kudai mzungumze fidia, ambayo kwa kawaida ni unafuu wa ushuru kwenye bidhaa nyingine. Zikipita siku 20 tangu muda kuisha bila mwafaka, anaweza kuomba kibali cha kulipiza: kusitisha unafuu aliokuwa akikupa, kwa thamani inayolingana na hasara yake. Ukibisha kiwango, waamuzi hukipima, wakilenga kumaliza ndani ya siku 60 tangu muda mwafaka ulipoisha. Kwa hali halisi mambo huchukua muda zaidi.

Inauma kiasi gani? Inategemea ukubwa wa fimbo. Katika kesi ya lebo za nyama waamuzi walitoa namba Desemba 7, 2015: dola bilioni 1.05 za Canada kwa mwaka kwa upande wa Canada, na karibu dola milioni 228 za Marekani kwa Mexico. Siku kumi na moja baadaye, Desemba 18, sheria ya kufuta lebo kwa nyama ya ng'ombe na nguruwe ilikuwa imesainiwa. Miaka ya kubishana, siku kumi na moja za kutii. Sasa mtazame Antigua na Barbuda, nchi ya visiwa yenye watu wapatao laki moja, iliyoishinda Marekani hiyohiyo mwaka 2005 kwenye kesi ya kamari za mtandaoni. Ilipewa kiwango cha dola milioni 21 kwa mwaka, na Januari 2013 ikapata kibali cha kulipiza hata kwenye hakimiliki. Sheria za Marekani zilizolalamikiwa hazijabadilika.

Kati ya hao wawili kuna kesi ya pamba, ambayo Brazil iliishinda Marekani kuhusu ruzuku, na Benin na Chad zilishiriki kama wahusika wa pembeni. Marekani ilifuta baadhi ya ruzuku ikabaki na nyingine. Brazil ilipoandaa orodha ya bidhaa za kulipiza mwaka 2010, Marekani ilikubali kuulipa mfuko wa wakulima wa pamba wa Brazil dola milioni 147.3 kwa mwaka ili isubiri. Oktoba 2014 wakamaliza kwa dola milioni 300. Kwa maneno mengine, kwa miaka kadhaa mlipa kodi wa Marekani alikuwa akimpa ruzuku mkulima wa Marekani, na akimlipa mkulima wa Brazil avumilie ruzuku hiyo. Halali, labda. Utekelezaji, hapana. Na mfuko ule ulikuwa wa Brazil, haukuwa wa wakulima wa Benin.

Kama wewe ni mfanyabiashara, shika hili: kwa kawaida hukumu ya WTO haiangalii nyuma. Mzigo uliozuiwa miaka mitatu kabla ya hukumu haulipwi. Hata kulipiza kunapimwa kuanzia muda mwafaka unapoisha. Ndiyo maana nchi nyingine huvuta miguu kwa makusudi, na ndiyo maana chama chenu cha wauzaji nje kinatakiwa kuisukuma wizara wakati muda mwafaka unapangwa, siyo baadaye.

Hatua ya 8: Funga faili mpakani, siyo ukumbini

Septemba 2009, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu, idara ya biashara ya nje ya Brazil ilitoa waraka mpya: hakuna leseni ya tairi ya mtumba wala iliyovishwa upya, itoke nchi yoyote, MERCOSUR ikiwemo. Mwezi huohuo Brazil ikakieleza Chombo kwamba imetekeleza kikamilifu. Matundu yote mawili yakawa yamezibwa, miezi tisa baada ya muda kuisha.

Wewe usiishie kwenye barua ya namna hiyo. Baada ya wiki tatu au nne nenda bandarini au mpakani, kaa nyuma ya ofisa wa forodha, umwombe aingize namba ya bidhaa husika kwenye mfumo wake. Kwa tairi zilizovishwa upya au zilizotumika namba huanza na 4012. Angalia kiwango kinachotokea kwenye kioo ni cha sheria mpya au ya zamani. Muulize ofisa waraka mpya aliupata lini na nani alimweleza. Kama atafungua droo na kukutolea nakala ya ule wa zamani, uliochakaa kwenye mikunjo, usimkaripie. Mpigie simu mkuu wa idara ukiwa palepale dirishani, na ukirudi ofisini usiipeleke kwanza ile barua ya kuiambia Geneva kwamba umetekeleza.